Krismasi ya Njiwa Wawili
Hotuba ya kamati ya kwaya katika ibada ya jubilei ya miaka 25



Tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Tulianza wachache, bila kinanda, tukiimba kwa kayamba na makofi. Mengi yatasemwa leo juu ya safari hiyo. Sisi tumeomba dakika chache tuzungumze juu ya Krismasi, kwa kuwa iko mlangoni, na kwa kuwa hapo ndipo kwaya hii ilipojikwaa.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Kila Krismasi ilikuwa na sare yake. Ikifika Oktoba, tunavuka kwenda Biashara Street kuchagua kitambaa, fundi anakuja kupima, na daftari la michango linafunguliwa. Mwaka mmoja hesabu ilifika shilingi 3,500 kwa kila mwimbaji: kitambaa, ushonaji na viatu. Kila Jumamosi baada ya mazoezi tulisoma majina ya waliokwisha kulipa, tukidhani tunawatia moyo waliobaki.

Novemba, mama mmoja wa alto akaacha kuja. Tulikuwa naye tangu siku ya kwanza. Anauza viazi karai, na siku zake za Desemba anazihesabu kwa karo ya Januari. Tukadhani anaumwa. Wawili kati yetu walipomtembelea walimkuta mzima, anamenya viazi huku akiimba polepole sauti yake ya wimbo tuliokuwa tukiufanyia mazoezi. Akawaambia, "Kwa Mungu sina deni. Deni langu liko kwenu."

Krismasi ile tulipendeza kweli. Picha zipo. Yeye hayumo.

Neno lake lilituchoma, tukarudi kwenye Maandiko. Katika Luka sura ya 2 tunasoma kwamba Yusufu na Mariamu walimpeleka mtoto Hekaluni na sadaka ya ndege wawili. Tulikuwa tumeupita mstari huo mara nyingi. Ukifungua Mambo ya Walawi sura ya 12 utaona maana yake. Mama aliyejifungua alitakiwa kuleta mwana-kondoo na ndege mmoja. Lakini asiyeweza kumpata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili, nayo sadaka yake ikapokelewa sawa na ya mwenzake. Mamake Bwana wetu alileta sadaka ya wasio na uwezo, wala hakuzuiwa mlangoni.

Sisi watu wa Likoni jambo hili halitupi shida kulielewa. Pale feri mwenye gari hulipa, mwenye miguu hupita bure, na wote hufika ng'ambo kwa chombo kimoja. Torati ilimwekea maskini nafasi, na feri humwekea nafasi. Kwaya ya Krismasi ndiyo iliyokuwa haina nafasi hiyo.

Hata wimbo ule wa usiku mtakatifu, ambao watoto wetu wadogo wanaujua, haukuanza kwa makuu. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la kijiji cha Oberndorf, Austria. Maneno yalitungwa na padri kijana, Joseph Mohr, na sauti zake na mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber. Chombo walichotumia kilikuwa gitaa moja. Zaidi ya miaka 200 imepita, na hakuna anayeuliza walivaa nini.

Basi tukabadilika. Haikuwa rahisi, wengine wetu tulinung'unika kwamba kwaya za jirani zitatucheka. Sare hii mnayoiona leo ni ya miaka mitatu, na tutaivaa mpaka ichakae. Michango haisomwi tena. Kuna kikapu, kila mtu anaweka alicho nacho, na asiye nacho anaimba. Mkesha wa Krismasi tunatembea kwa miguu na kayamba zetu, tukiimba kwenye nyumba za wagonjwa na wazee, kuanzia Mtongwe hadi Shika Adabu. Na siku yenyewe tunakula pamoja hapa uwanjani. Mwenye mchele analeta mchele, mwenye nazi analeta nazi, mwenye mikono anakuna. Majirani zetu Waislamu, ambao hutuletea sahani wakati wa Idd, nao tunawakaribisha.

Ndugu zetu, hatusemi sikukuu isiwe na furaha. Mtoto akipata gauni jipya, ashukuriwe Mungu. Lakini tunawasihi: usikope kwa ajili ya siku moja halafu mwanao afukuzwe shule Januari. Baba asiogope kurudi nyumbani kwa sababu mikono ni mitupu. Na asiwepo hata mmoja atakayekosa ibada ya Krismasi kwa sababu ya nguo.

Neno la mwisho. Katika Biblia jubilei ni mwaka wa 50, mwaka wa watu kuachiliwa huru na kurudishiwa mashamba yao. Sisi tuko nusu ya safari, ila tumeona tusingoje. Wiki iliyopita mweka hazina alileta daftari la zamani la sare. Tumezifuta kurasa zote za madeni, yeye mwenyewe akiwa amekubali, japo kwa shingo upande. Kuanzia leo hakuna anayedaiwa na kwaya hii. Kama uliondoka kwa sababu ya deni, rudi. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa.

Mama yetu wa alto alirudi. Mtamsikia hivi punde.