Kikao cha Geita

Msikilizaji, mwaka 1958 watu wa Geita kwa maelfu waliacha mashamba yao ya pamba, wakavuka ghuba hadi Mwanza, kwenda kumwambia mkuu wa jimbo kwamba halmashauri yao mpya hawaitaki. Hawakutawanyika walipoambiwa watawanyike. Polisi wakawatupia mabomu ya machozi na kuwachapa virungu. Mgodi wa dhahabu ulikuwapo Geita wakati huo, ulikuwa umeanza kazi miaka ya 1930, mali ya Wazungu, na sababu za kuuchukia hazikukosekana. Lakini ghadhabu ya mwaka ule iliishia kwenye halmashauri.

Halmashauri yenyewe ilikuwaje? Serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Twining, ilikuwa imeamua kwamba mabaraza ya wilaya yawe ya mseto: Waafrika, Wazungu na Waasia wakae meza moja. Kwa anayesoma karatasi tu, jambo hilo halina ubaya. Kwa mkulima wa Geita lilikuwa na maana nyingine. Wazungu na Waasia wilayani walikuwa wachache mno, naye mkulima hakuona kwa nini wawe na viti katika baraza litakaloamua mambo ya ardhi yake, ng'ombe wake na kodi yake. Tena alikuwa amechoshwa. Kwa miaka kumi alikuwa akiamriwa alime matuta namna hii, apunguze mifugo namna ile, na asipofanya apelekwe mahakamani kwa mtemi kutozwa faini. Watemi wenyewe tangu sheria ya mwaka 1926 walikuwa sehemu ya serikali, wakilipwa mshahara kutoka hazina iliyotegemea kodi ya huyo huyo mkulima. TANU nayo ilikuwa imenyimwa usajili katika Usukuma tangu 1954, hivyo manung'uniko hayakuwa na mlango wa kutokea. Siku yalipotoka, yalitoka kwa miguu.

Na walishinda. Mwaka uliofuata serikali iliachana na mabaraza ya mseto ya kulazimishana. Tunafundishwa shuleni Maji Maji, tunafundishwa kura tatu na mkutano wa Tabora, lakini watu wa Geita waliomrudisha nyuma mkoloni kwa hoja ya halmashauri hawapewi hata aya moja. Labda kwa sababu halmashauri haina mvuto wa mashujaa. Ina akidi, ina mihtasari, ina ajenda ya mengineyo.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Watemi waliondolewa mwaka 1963. Mgodi wa Geita ukafungwa 1966. Kisha mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na jina lake lilikuwa la kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini kilichofutwa ni mabaraza ya wananchi wenyewe, nafasi yao ikashikwa na maofisa wa mkoa na wilaya walioteuliwa kutoka juu. Kwa hiyo Geita ya mwishoni mwa miaka ya 1970 haikuwa na mgodi mkubwa wala baraza la kuchaguliwa. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha halmashauri, na zikaanza kazi tena 1984. Zilirudi na kodi ya maendeleo, ile ya kila mtu mzima. Wasikilizaji wa umri wangu mnakumbuka: siku ya gulio, mgambo wameweka kizuizi njiani, mtu anageuza baiskeli, anapita porini na kuku wake. Kodi hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2003.

Shikilia picha hiyo ya mtu na baiskeli yake, maana mwaka 2000 mgodi mpya ulifunguliwa palepale Geita. Dhahabu ilianza kutoka kwa kiasi ambacho mgodi wa zamani haukukiota, na siku hizi ni wakia zipatazo laki tano kwa mwaka. Mrabaha ulikwenda Hazina, kama sheria ilivyotaka. Halmashauri ilipata nini?

Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilikuwa na jibu. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma, na kiwango kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Piga hesabu nami. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka, asilimia 0.3 ni dola milioni moja na nusu. Lakini migodi mikubwa ya miaka ile ilikuwa na mikataba na serikali kuu, na mikataba hiyo iliweka kikomo: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Bei ya dhahabu ipande, ishuke, mashimo yaongezeke, halmashauri inapokea dola 200,000. Aliyesaini alikuwa serikali kuu. Diwani wa Geita alikuwa wapi siku hiyo? Hakuwa kwenye chumba. Na mwenye baiskeli, kwa miaka mitatu ya mwanzo ya mgodi huo, bado alikuwa akitafutwa na mgambo.

Hapa ndipo mimi natofautiana na wanaosema tatizo la miji ya madini ni madiwani wasiosoma. Yapo hayo, sikatai. Tumeona vikao vinavyotumia saa nzima kujadili posho. Lakini mlete diwani mwenye shahada tatu, umweke mbele ya mkataba uliosainiwa bila yeye, wenye kikomo asichoweza kukigusa, kisha mwambie asimamie maendeleo. Atafanya nini zaidi ya kuomba? Na Geita iliomba kwa miaka mingi. Iliomba madarasa, ikaomba visima, wachimbaji wadogo wakaomba magwangala, yale mawe ya mabaki, wakayasage kwenye makarasha yao watoe kilichobaki. Ukiwa na haki ya kuomba tu, hata jiwe la mabaki linageuka ahadi ya kampeni za urais, na kwa Geita ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2014 kikomo kiliondoka, mgodi ukaanza kulipa asilimia 0.3. Wakati huo Geita ilikuwa imekuwa mkoa, tangu 2012, na palipokuwa na halmashauri moja sasa palikuwa na mbili, ya mji na ya wilaya, zinazotazamana juu ya mgodi mmoja. Ikabaki hoja ya miaka ya nyuma. Madiwani walisema wanadai malimbikizo, zaidi ya dola milioni 12. Na Januari 2018 wakafanya jambo ambalo madiwani hawalifanyi: walifunga barabara za kwenda mgodini. Baadhi yao wakakamatwa na polisi.

Sitetei kufunga barabara. Diwani ni mtunga sheria ndogo, akivunja sheria anajikata mkono mwenyewe. Ila tulinganishe. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana kuipinga halmashauri iliyokuwa ya wengine. Miaka 60 baadaye halmashauri yenyewe, ya watu waliowachagua, ndiyo iliyokuwa barabarani, kwa sababu iliona mezani haisikilizwi. Serikali imebadilika, bendera imebadilika, na bado uamuzi mkubwa wa fedha unafanyika mahali pengine.

Haki lazima isemwe: sheria imesogea. Marekebisho ya mwaka 2017 yanautaka mgodi kila mwaka uandae mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliane juu yake na serikali ya mitaa husika, na halmashauri ipewe nafasi ya kuujadili na kuusimamia. Ndizo hizi tunazoziita fedha za CSR. Kwa Geita ni mabilioni ya shilingi, si dola 200,000 tena. Zimejenga madarasa, zahanati na barabara, tunaziona. Zimeleta pia ugomvi mpya. Mradi gani utangulie? Bei ya saruji iliyoandikwa kwenye mpango mbona inazidi ya dukani? Kata yenye shimo la mgodi ipate sawa na kata iliyo mbali?

Huu ni ugomvi mzuri. Naupenda kuliko ule wa kuomba, kwa sababu anayegombea bei ya saruji tayari yuko kwenye chumba. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi kwa wananchi. Huhitaji mwaliko wa mtu. Nenda ukae nyuma. Sikiliza diwani wako anauliza nini mpango wa CSR unapoletwa, na kama amelifungua kabrasha kabla ya kuingia.

Mimi ningekuwa na nafasi ya kuomba ajenda moja tu, ningeacha madarasa kwa leo. Mgodi wa Geita ulishawahi kufungwa, mwaka 1966, na dhahabu huisha ardhini hata kama leo malori yanapanda na kushuka usiku kucha. Ningependa kumsikia diwani mmoja, wa mji au wa wilaya, akisimama kumuuliza mkurugenzi: siku ushuru wa mgodi utakapokoma, mishahara ya vibarua wetu, dawa za zahanati na taa za barabarani vitalipwa kwa mapato gani, na je, kuna shilingi yoyote tuliyoanza kuiweka kando?