SURUA HUONDOKA, MADHARA HUBAKI

(Maneno ya mfanyakazi wa jamii kwa vikundi vya kujisaidia, Msambweni)



Leo tuseme habari ya surua, ambayo wengine wetu huiita ukambi. Huenea kwa hewa, mgonjwa akikohoa au kupiga chafya. Vipele vikiisha tunasema, "Mtoto amepona." La, ngojeni kwanza! Surua hupunguza kinga ya mwili kwa wiki nyingi, hata miezi. Ndipo huja nimonia, kuhara, usaha masikioni, hata upofu. Mtoto akipumua mbio mbio, akikataa kunyonya au akihara sana, msingoje kesho. Mpelekeni zahanati. Huko hupewa vitamini A, ambayo hulinda macho. Nyumbani msimtie dawa yo yote ya miti machoni.

Sasa sindano. Hapa Kenya mtoto hudungwa akiwa na miezi 9, na tangu 2013 mara ya pili akiwa na miezi 18. Siku 7 hadi 12 baadaye huenda akapata homa na vipele vidogo, kisha hupoa. Wengine wakiona hivyo huikataa ile ya pili. Jamani, homa ya siku mbili ni sawa na kuzika mtoto? Lakini akishikwa na degedege, au akivimba uso na kushindwa kupumua mara baada ya sindano, mrudisheni upesi. Hayo ni nadra sana.

Mkutano ujao kila mzazi aje na kitabu cha kliniki, tukague pamoja. Na baba pia!