Ukucha Mweusi: Ni Nyundo au Ni Ugonjwa?

Fundi wa Kamukunji anayepiga bati kutwa nzima akijigonga kidole gumba, ukucha hugeuka mweusi. Anapuliza, anasonya, anaendelea na kazi. Mara nyingi hakosei, kwani huo weusi ni damu iliyovilia chini ya ukucha.

Ukucha wenyewe hauna uhai. Ni keratini, protini ile ile ya nywele, ndiyo maana kuukata hakuumi. Kilicho hai ni shina lake chini ya ngozi. Kile kimwezi cheupe cha kidole gumba ni sehemu yake inayochungulia. Shina husukuma ukucha mbele: wa mkono takriban milimita 3 kwa mwezi, wa mguu karibu nusu ya hapo. Bila ukucha, kuokota sindano kungekuwa mtihani, maana nyama ya kidole ingekosa kitu cha kuegemea. Na ile ngozi nyembamba inayoziba shina, anayetengenezwa kucha saluni asikubali ikatwe. Viini huingilia hapo.

Turudi kwa weusi. Damu husafiri pamoja na ukucha. Ukijigonga, piga picha kwa simu, kisha tazama tena baada ya miezi miwili, au minne kama ni mguu: doa litakuwa limesogea, na nyuma yake ukucha safi umeota.

Mstari mweusi unaotoka shinani hadi nchani bila kusogea si damu, ni rangi ya mwili. Kwa sisi Waafrika ni jambo la kawaida, hasa ukiwa kwenye kucha kadhaa. Wa kutiliwa shaka ni ule wa ukucha mmoja, unaopanuka, unaobadilika rangi au kumwagikia ngozi ya kando. Huo waweza kuwa saratani. Bob Marley, ambaye nyimbo zake bado zinapigwa kwenye matatu, alipata saratani hiyo chini ya ukucha wa mguu, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Ilisambaa, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Asiyekumbuka kujigonga asingoje miezi miwili. Aende kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na aondoe rangi ya kucha kabla ya kutoka nyumbani.