Kazi Kabla ya Mvua

Somo: Mithali 6:6-11; Wakolosai 3:22 hadi 4:1

Leo tunazungumza nanyi kutoka Emali, mji wa Makueni ulio kando ya reli, mahali ambapo barabara ya Loitokitok inaachana na ile kuu ya Mombasa. Hapa watu wanaijua kazi. Wauza mboga, wapakiaji wa mizigo na wachuuzi wa mbuzi hawahitaji mhubiri wa kuwaeleza maana ya jasho. Lakini liko swali moja linalotusumbua sote: bidii ina faida gani ikiwa mtu aweza kulima vizuri, asivune kitu?

Sisi wa nchi kavu twalijua jambo hilo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilitukosa msimu baada ya msimu, na mnamo Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Watu walipanda, wakapanda tena, na mbegu zikafia udongoni. Je, walikuwa wavivu? Hasha! Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike alimkemea mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakumkemea aliyefanya kazi akakosa, wala mgonjwa, wala mzee. Basi tusilitumie neno lile kuwa fimbo ya kuwapigia maskini.

Sasa tumwendee chungu. Mithali inatuonyesha kwamba mdudu huyu hana msimamizi, na hata hivyo hujiwekea chakula kwa wakati wake. Hangoji kusukumwa.

Wazee wetu wa Ukambani walijifunza tofauti hiyo. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kufanya kazi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Walichimba kwa amri, na wengi waliichukia kazi ile. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao walikuwa akina mama, vilianza kujichagulia viongozi na kuamua wenyewe wachimbe wapi. Jembe lilikuwa lile lile, na vilima ni vile vile, lakini sasa watu walifanya kwa moyo, na matuta yakaenea.

Mnajua jinsi tuta la "fanya juu" linavyotengenezwa. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu. Tena huchimbwa wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, mbinguni pasipo hata wingu. Mchimbaji hawezi kuleta mvua. Lakini ikinyesha, hata kidogo, maji yatabaki shambani mwake, na udongo wake hautakwenda mtoni. Ndugu, hiyo ndiyo bidii tunayofundishwa na Maandiko: kufanya sehemu yetu kwa uaminifu, na kumwachia Mungu sehemu iliyo yake. Mvua si yetu. Mtaro ni wetu.

Paulo aliwaandikia Wakolosai habari za kazi, na katika somo letu alisema na watumwa, watu ambao faida ya jasho lao ilikwenda kwa mwingine. Hata hao aliwaambia kwamba kazi yao inaonekana na Bwana, naye atawalipa. Kisha akawageukia wenye watumwa, akawadai haki. Kwa hiyo, wewe uliye kibarua, usifanye kazi tu wakati unapotazamwa. Nawe mwajiri, usilale na ujira wa mtu huku ukimhubiria bidii.

Mwisho, wapenzi, tukumbuke kwamba mwethya ni kazi ya wengi. Pengine karibu nawe yuko mjane, au mama anayemwuguza mume wake, na shamba lake halijaguswa. Kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, twendeni na majembe yetu kwake kabla hatujamwita mvivu.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetupa mikono na ardhi, utuondolee uvivu, na pia kiburi cha wale waliofanikiwa. Uwatie nguvu waliopanda wasivune. Utupe moyo wa kufanya kazi mbele zako, na mvua kwa wakati wake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.