Bodi Ikishauzwa, Hurekebishwa Karatasi: Usahihishaji wa Nyaraka za Kompyuta za Bodi Moja



Bodi ikishatoka kiwandani na kuuzwa, hairudi. Njia iliyochongwa ndani ya chipu haifutiki, na waya uliochorwa vibaya kwenye bodi utabaki hivyo hadi bodi itupwe. Kinachoweza kurekebishwa bado ni maandishi. Ndiyo maana nasema anayesahihisha nyaraka za kifaa anafanya kazi ya uhandisi, na kazi yake ipimwe hivyo. Mifano yangu mingi ni ya Raspberry Pi, kwa kuwa makosa yake yanajulikana na yeyote mwenye bodi anaweza kuyapima.

Nianze na kosa la karatasi. Februari 2012, Broadcom ilitoa hati ya chipu ya BCM2835 iliyobeba Raspberry Pi ya kwanza. Ina kurasa 205, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mwongozo mkuu wa yeyote aliyetaka kuiendesha chipu hiyo moja kwa moja bila Linux. Katika sehemu ya UART ndogo, hati inasema biti 1 huwasha ishara ya kupokea data na biti 0 huwasha ya kutuma. Chipu hufanya kinyume chake. Hati inasema tena kwamba biti moja tu ndiyo huchagua kati ya data ya biti 7 na biti 8, wakati ukweli ni kwamba ili upate biti 8 lazima biti 0 na biti 1 zote ziwe 1. Aliyeifuata hati neno kwa neno aliona takataka kwenye skrini, akabadilisha waya, akabadilisha kasi, akashuku hata chaja.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Hati hiyohiyo inaeleza kwamba rejista za UART hiyo zinafanana na za 16550, chipu ya zamani iliyozoeleka kwenye kompyuta za mezani. Kwenye 16550, biti 0 ni ya kupokea na biti 1 ni ya kutuma, na urefu wa data huchaguliwa kwa biti mbili. Kumbe chipu ilifuata mila, na aliyeteleza ni mwandishi. Fundi aliyeijua 16550 angeshuku mapema. Mwanafunzi aliyeanza na Raspberry Pi hakuwa na cha kulinganishia. Watumiaji ndio waliokusanya makosa ya hati hiyo moja baada ya jingine kwa kupima, huku nakala ya awali ikiendelea kuzunguka kwenye flashi kama ilivyozaliwa.

Aina ya pili ya kosa inanikera zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna aliyekosea. Septemba 2012 lilitoka toleo la pili la bodi ya Model B. Kwa kuitazama juujuu ni bodi ileile. Lakini pini ya 3 na ya 5, zilizokuwa GPIO 0 na GPIO 1, zikawa GPIO 2 na GPIO 3; pini ya 13 ikahama kutoka GPIO 21 kwenda GPIO 27. Njia ya I2C inayofika kwenye pini hizo nayo ikahama kutoka namba 0 kwenda namba 1. Mwongozo wa mwezi Juni mwaka huo ulikuwa sahihi, na ni sahihi hadi leo kwa bodi za Juni. Mwanafunzi mwenye bodi ya pili akifuata maelekezo ya bodi ya kwanza kutafuta kihisi kwenye njia ya I2C anapata jedwali tupu, anadhani kihisi chake kimekufa. Dawa ipo ndani ya bodi yenyewe: faili la /proc/cpuinfo lina mstari wa Revision, ambapo 0002 na 0003 ni toleo la kwanza, na 0004 kwenda juu ni matoleo yaliyofuata. Sijaona sababu ya somo la maabara kuanza kabla mstari huo haujasomwa.

Kuna pia kosa la kifaa chenyewe. Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019, pini mbili za CC kwenye soketi ya USB-C zilitumia rezista moja kwa pamoja, badala ya kila moja kuwa na yake ya kilo-omu 5.1. Kwa kebo ya kawaida umeme ulipita. Kwa kebo yenye chipu ndani, chaja iliidhania bodi kuwa kifaa cha sauti na ikakataa kutoa umeme. Toleo la 1.2 liliponya tatizo, lakini bodi za kwanza bado ziko mezani, kwa hiyo onyo la kebo haliwezi kufutwa kwenye mwongozo. Linapaswa kuwekewa mpaka. (Miaka minne kabla, Raspberry Pi 2 ilizimika ilipopigwa picha kwa flashi ya zenoni, kwa kuwa chipu moja ya umeme ilikuwa uchi mbele ya mwanga. Hakuna mwandishi wa mwongozo ambaye angelifikiria hilo.)

Hata sahihisho lenyewe huhitaji kusahihishwa. Chipu ya RP2350 ya Agosti 2024, nayo ya Raspberry Pi, ilikuja na kosa lililoorodheshwa kama E9. Maelezo ya mwanzo yalilihusisha na rezista ya ndani ya kuvutia chini: pini inanasa karibu na volti 2.2 badala ya kurudi sifuri. Watumiaji walipoendelea kupima, ikaonekana tatizo ni pana zaidi, kwamba mkondo huvuja kwenye pini pale ingizo lake linapowashwa, na hati ikaandikwa upya. Ushauri ukawa kuweka rezista ya nje isiyozidi kilo-omu 8.2. Aliyepakua hati wiki ya kwanza alikuwa na onyo, ila onyo jembamba. Bahati nzuri hati hizo huchapwa tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo, kwa hiyo watu wawili wanaobishana wanaweza kugundua kwamba wanasoma vitu viwili.

Kwa utaratibu, naupenda mwongozo wa bodi ya BeagleBone Black. Sura yake ya mabadiliko hutenga mabadiliko ya hati na mabadiliko ya bodi. Hifadhi ya eMMC ilipopanda kutoka GB 2 hadi GB 4 kwenye toleo C mwaka 2014, hilo liliingia upande wa bodi, na mwenye toleo la nyuma hakulazimika kujiuliza kama mwongozo wake ulikuwa umedanganya.

Ninachopendekeza tukijadili mchana ni kidogo na hakina gharama. Kila kijitabu cha mazoezi tunachochapisha kionyeshe modeli, toleo la bodi na tarehe ya hati iliyotumika. Kila sahihisho liseme linahusu matoleo yapi, lilipimwaje, na maneno ya zamani yaachwe yakiwa yamekatwa mstari ili aliyeyafuata jana aelewe kilichompata. Chati ya pini iliyobandikwa ukutani bila modeli wala toleo ibanduliwe kabla ya kipindi kijacho.