Ujira wa Mjini na Jembe la Nyumbani: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme neno juu ya elimu ya uchumi kabla mkutano haujaamua habari ya mfuko wa mikopo. Tumemchagua Profesa William Arthur Lewis, kwa kuwa alitafiti jambo ambalo kila mmoja humu amelionja: kwa nini mtu afanye kazi kutwa na ujira wake usitoshe?

Alizaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Saint Lucia, bahari ya Karibi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7, na mama akalea wana watano peke yake. Alimaliza shule akiwa na miaka 14, akawa karani. Alitamani uhandisi, lakini aliona wazi kwamba hakuna ambaye angemwajiri mhandisi mweusi. Basi mwaka 1933 akaenda London kusoma biashara. Mwaka 1948 alikuwa profesa mjini Manchester.

Makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1954. Humo alieleza kwamba ujira wa kibarua haufuati faida ya mwajiri, bali hufuata kile ambacho kibarua huyo angepata kwao kwa jembe lake. Shamba la nyumbani lisipotoa kitu, mtu atakubali chochote mjini, na nyuma yake wako wengine mlangoni wakingoja. Hata bei ya chai na kakao aliieleza hivyo hivyo. Mkulima akizidisha zao la kuuza nje tu, na chakula chake kikabaki kidogo kama zamani, bei hushuka na faida humwendea mnunuzi wa ng'ambo. Kwa hiyo, alipoiandikia serikali ya Gold Coast taarifa juu ya viwanda mwaka 1953, alitanguliza kilimo cha chakula. Baadaye alikuwa mshauri wa Dkt. Kwame Nkrumah, wakatofautiana juu ya matumizi ya fedha, naye akaondoka mwaka 1958.

Kuna mahali ambapo sisi hatumfuati. Wachukuzi wa bandarini na wachuuzi wadogo aliwahesabu kuwa watu waliozidi, ambao wangeweza kupunguzwa nusu na kazi isipungue. Taarifa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, ya mwaka 1972, iliwatazama mafundi na wachuuzi wetu kwa jicho jingine: wengi wao wana kazi yenye faida, ila wamebanwa na leseni na kubomolewa vibanda. Wanachama wenye vibanda hawakuhitaji taarifa kuambiwa hayo.

Hata hivyo, juu ya shamba twaona alisema kweli, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1979, miaka 12 kabla ya kufariki, haikuwa bure.

Halmashauri inaleta mikopo miwili pamoja: wa mbegu na mbolea kwa mashamba ya nyumbani, na wa mtaji kwa mafundi na wachuuzi. Wako wanaotaka ule wa kwanza ufutwe, kwa sababu shamba huchelewa kurudisha fedha. Twawaomba wazee wauzungumze kwa utulivu kabla ya kura kupigwa. Mweka Hazina sasa atawasomea hesabu.