Kamba Iliyokazwa

Leo twataka kujifunza kwa kiumbe ambaye wengi wetu humfukuza mlangoni kwa jiwe, naye ni mbwa.

Huko vijijini kwetu mbwa wengi huzurura wapendavyo. Lakini mjini Nairobi wako watu wanaotembeza mbwa wao, na katika Msitu wa Karura ni sharti mbwa aongozwe kwa kamba. Mkisimama kando ya njia mkawatazama mbwa wawili wasiojuana wakikutana, mtaona mambo ambayo pengine hamkuyatazamia.

Mbwa walio huru, wenye malezi mema, hawaendeani moja kwa moja, pua kwa pua. Kila mmoja huzunguka kidogo na kugeuza uso kando, kwa maana kwao kukodoleana macho ni kutishana. Kisha husogea ubavuni wakanusana, mdomoni na chini ya mkia. Sisi twaona aibu, twacheka. Lakini hapo chini ya mkia pana vifuko viwili vidogo vyenye harufu, na harufu ya kila mbwa ni yake mwenyewe. Hiyo ndiyo hodi yao, na ndiyo habari za kwenu. Baada ya kitambo kidogo huachana kwa amani, au mmoja huinamisha kifua mpaka chini, kiuno kikabaki juu, kana kwamba asema, "Njoo tucheze."

Na mkia je? Watu hudhani kila mbwa atikisaye mkia amefurahi. Sivyo. Mwaka 2007 wataalamu wa Italia walionyesha kwamba mbwa amwonapo mwenyewe, mkia wake huelemea zaidi upande wa kulia. Amwonapo mbwa mgeni mwenye ubabe, huelemea kushoto. Mwaka 2013 wakaonyesha kwamba mbwa wenzake hulitambua jambo hilo, na wauonapo mkia ulioelemea kushoto mioyo yao huenda mbio.

Sasa tuje kwenye kamba. Katika mji wa Brno, nchi ya Cheki, watafiti waliwatazama mbwa wengi wakikutana matembezini, wakatoa habari zao mwaka 2011. Waliona kwamba mbwa waliofungwa kamba walitishana kama mara mbili zaidi ya wale waliokuwa huru.

Kwa nini? Kamba ikikazwa, mbwa hawezi kuzunguka kwa adabu wala kurudi nyuma. Hulazimika kuja uso kwa uso, shingo imesimama, kifua mbele, akaonekana mtaka vita hata kama hana nia hiyo. Na mara nyingi aliyeikaza ni mwenye mbwa. Amemwona mbwa mwingine kwa mbali, ameingiwa na hofu, amevuta. Mbwa hakusikia neno, lakini shingo yake imeumia. Siku nyingi zikipita hivyo, atajua jambo moja tu: ajapo mgeni, maumivu yaja pamoja naye.

Ndugu zetu, hapo tujitazame. Mtoto wa miaka minne hukutana na mtoto wa jirani wa kabila lingine, wakatazamana, wakacheka, wakaanza kuviringisha gurudumu. Mama humshika mkono akamvuta. Hakusema kitu, lakini mtoto ameelewa. Jioni, wakati wa chakula, baba hutaja kabila la jirani kwa sauti ya chini. Kamba imekazwa tena.

Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walichomeana nyumba. Watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha katika nchi hii. Vijana walioshika mapanga hawakuzaliwa na chuki ile. Wako waliowavuta, kidogo kidogo, tangu utotoni. Wazee wetu walisema kweli: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hatusemi kamba itupwe. Mbwa asiye na mwangalizi huweza kuuma, na kichaa cha mbwa huua. Vivyo hivyo mtoto ahitaji mkono wa mzazi. Lakini mlezi mwenye hekima hutulia yeye kwanza. Huilegeza kamba bila kuiachilia, na njia ikiwa nyembamba hupita kando, akampa mwenzake nafasi. Mbwa akiuona utulivu huo, naye hutulia.

Twakumbuka Yakobo, katika Mwanzo sura ya 33. Esau alikuja na watu 400, na Yakobo alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Alitangulia mbele ya watoto wake, akainama mara saba alipokuwa akimkaribia ndugu yake. Watoto wale waliona nini siku hiyo? Waliona baba mwenye hofu ambaye hakuwavuta nyuma yake kwenda vitani. Waliona watu wawili wazima, waliokosana miaka mingi, wakikumbatiana na kulia.

Basi juma hili yuko jirani ambaye hatujamsalimu kwa muda mrefu. Tumwendee. Tusianze na ile kesi ya mpaka wala ya ng'ombe aliyeingia shambani. Hayo yana wakati wake. Tuanze na habari za nyumbani, za wagonjwa, za mvua. Na tukienda, tumchukue mtoto, tumshike mkono taratibu, ili ausikie mkono wetu ukiwa umelegea.

Mungu awabariki, awalinde nyumbani mwenu. Kwaherini.